Kwa nini kuua mbwa koko hakumalizi kichaa cha mbwa Zanzibar

Mzee anatoka nyumbani alfajiri kwenda msikitini. Kwenye kona, pembeni ya jaa, wamelala mbwa wanne. Mmoja anainuka, anaanza kunguruma. Mzee anarudi nyuma, anazunguka njia nyingine.

Jioni habari imeshafika barazani: mtaa umejaa mbwa, waletwe watu wa bunduki wawamalize.

Kama unaishi Fuoni, Mwanakwerekwe au Bububu, huenda umeshayasikia maneno haya. Katikati ya Mji Mkongwe utaona paka zaidi kuliko mbwa, lakini ukitoka nje ya mji au ukienda fukweni, mbwa wapo.

Hasira ya watu ina sababu. Mbwa akiuma si jeraha tu, nyuma yake kuna kichaa cha mbwa. Swali ni moja: je, kuwaua kunatulinda?

Jibu la wataalamu ni hapana. Na ushahidi mzuri kabisa hauko mbali, uko Pemba.

Ugonjwa usio na mzaha

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akikuuma, virusi hupita kwenye mishipa ya fahamu taratibu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kabla mtu hajaanza kuumwa, ingawa inaweza kuwa wiki chache au hata mwaka.

Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya kumrudisha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Na kati ya kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hiyo anayesema mbwa wa mtaani ni hatari hajakosea. Anapokosea ni kwenye dawa anayoitaka.

Mbona risasi haisaidii?

Kwanza, mbwa huzaa haraka. Mimba ya mbwa ni kama miezi miwili tu, na jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne, sita au zaidi. Ukiua nusu ya mbwa wa mtaa na jaa likabaki vilevile, waliobaki watakula vizuri zaidi, watoto wao watapona kwa wingi zaidi, na mbwa wa mtaa wa pili watahamia pale palipobaki wazi. Baada ya mwaka mmoja au miwili umerudi ulipoanza.

Pili, mbwa wengi unaowaona wakizurura wana wenyewe. Utafiti uliofanywa Tanzania umeonesha hivyo mara kwa mara. Unguja wapo wanaofuga mbwa wa kulinda nyumba, wa kulinda shamba dhidi ya kima na nguruwe mwitu, na wasasi wana mbwa wao wa kuwindia. Wakisikia kuna msako, watu hawa huwaficha mbwa wao au huwapeleka kwa jamaa shehia nyingine. Mbwa wao akiuawa, hutafuta mwingine. Kama kati ya wanaohamishwa yupo mgonjwa, ugonjwa umepewa lifti.

Tatu, risasi haichagui. Inamuua mbwa mgonjwa pamoja na yule aliyekwisha kuchanjwa. Mbwa aliyechanjwa ni kama ukuta: kichaa kikimfikia, kinaishia hapo. Ukimuua umeubomoa ukuta wako mwenyewe. Sumu ni mbaya zaidi, maana inaweza kuliwa na paka, kuku, au kuokotwa na mtoto.

Sababu ya nne ndiyo wengi hawaijui. Tunadhani mbwa wakipungua, ugonjwa nao utapungua. Kichaa cha mbwa hakiendi hivyo. Mbwa mwenye kichaa hakai akasubiri mwenzake apite. Anaweza kukimbia masafa marefu akiuma anayekutana naye. Hata pale mbwa walipo wachache, atampata mmoja au wawili wa kuwaambukiza, na hao wanatosha kuuendeleza ugonjwa.

Kilichotokea Pemba

Pemba mbwa ni wachache sana ukilinganisha na watu. Kama uchache wa mbwa ungekuwa kinga, kichaa kisingekaa kule. Lakini kilikaa.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao walifuatilia ugonjwa huo Pemba kuanzia 2010 hadi 2020. Waliwatafuta watu walioumwa na kuuliza mbwa alitoka wapi na aliuma nani mwengine. Wakachunguza pia vinasaba vya virusi ili kujua nani kamwambukiza nani. Matokeo yao yalitoka katika jarida la eLife mwaka 2023.

Walikuta kwamba 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi kisiwani. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilipoanza na kuboreshwa ikafika kisiwa kizima, watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walizidi kupungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Halafu watu wakajisahau, chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kichaa kiliingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, na kikasambaa. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukatoka tena.

Sindano ilipofika kila mahali, kichaa kiliondoka. Ilipoachwa, kikarudi. Iliporejeshwa, kikaondoka mara ya pili.

Watafiti walipima pia faida ya sindano wanazopigwa watu baada ya kuumwa. Zinaokoa maisha kwa gharama ndogo, lakini hazikati mnyororo wa maambukizi. Kinachoukata ni kuwachanja mbwa.

Waliochagua kuua walipata nini?

Tazama kisiwa cha Flores, Indonesia. Mwaka 1997 wavuvi walikuja na mbwa kutoka Sulawesi, na kichaa kikaingia pamoja nao. Wakuu wa kule waliamua kuua mbwa kwa wingi, maelfu kwa maelfu. Watu waliendelea kuumwa na kufa, na ugonjwa ukaota mizizi.

Sisi wenyewe tunajua kampeni ya kuangamiza mnyama inavyokuwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, chui wa Unguja alisakwa katika kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Alisakwa mpaka leo wengi wanaamini ametoweka.

Mtu anaweza kuuliza: kama chui alimalizwa, mbwa atashindikana vipi? Tofauti ni kubwa. Chui alizaa taratibu, aliishi msituni, na hakuna aliyemleta chui mwengine kwa boti. Mbwa anazaa haraka, anakula taka zetu, na anasafiri na sisi. Ukitumia njia ya chui kwa mbwa, utaua mbwa wengi na kichaa utabaki nacho.

Kinachofanya kazi

Lengo la WHO ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kwa nini 70? Kwa sababu kati ya kampeni moja na nyingine, baadhi ya waliochanjwa hufa na watoto wapya huzaliwa. Ukianza na 70, mwaka mzima unabaki na mbwa wa kutosha wenye kinga.

Chanjo inamtaka mwenye mbwa amlete mwenyewe, au mbwa akubali kushikwa. Mtaa uliopigwa risasi jana hautaleta mbwa kesho. Msako unaharibu imani ambayo chanjo inaitegemea.

Pamoja na chanjo kuna kufunga kizazi, ili idadi ishuke polepole bila kumwaga damu. Unguja kazi hiyo hufanywa na mashirika kama ZAASO, ambayo huwatibu mbwa, paka na punda.

Na kuna taka. Jaa lisilozolewa ni jiko la mbwa koko. Ukifunika pipa na mabaki ya samaki na nyama yakazolewa kwa wakati, umepunguza mbwa kuliko bunduki.

“Lakini mbwa ni najisi”

Hoja hii husikika sana Zanzibar, na inastahili jibu la heshima. Wengi hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mafundisho kuhusu mate ya mbwa yanajulikana: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Lakini najisi haimaanishi auawe. Ni mafundisho hayohayo yanayotupa hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Wala huhitaji kumpenda mbwa, kumgusa au kumfuga ili ukubali achanjwe. Sindano ile anachomwa mbwa, lakini anayelindwa ni mtoto wako.

Ukiumwa fanya hivi

• Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, majivu wala mafuta.

• Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Usisubiri dalili, maana dalili zikija umechelewa.

• Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Usiache katikati kwa sababu unajihisi mzima.

• Mbwa akijulikana, usikimbilie kumuua. Mwambie sheha na daktari wa mifugo ili afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Hali yake itamsaidia daktari anayekutibu.

• Ukimwona mbwa anayetokwa mate mengi, anayeyumba au kushambulia bila kuchokozwa, kaa mbali na toa taarifa.

Safari ijayo baraza likianza kudai bunduki, uliza swali moja tu: mara ya mwisho mbwa wa shehia yetu walichanjwa lini? Kama hakuna anayejua, nendeni kwa sheha mkamuulize, na muombe wachanjaji waje.