Kwa nini mtoto mchanga alazwe chali

MTOTO wa miezi mitatu hunyonya jioni, akabembelezwa, akalazwa akiwa buheri wa afya. Alfajiri mama anapomgusa, mwili umeshapoa. Hakulia usiku, hakukohoa, wala hapakuwa na homa iliyotangulia.

Katika vijiji na mitaa mingi humu nchini, maelezo yanayofuata huwa mawili tu: ama mama “alimlalia” mwanawe, au pana mkono wa mtu. Maziko hufanywa upesi, aghalabu bila maiti kufanyiwa uchunguzi, na mama huachwa na msiba pamoja na lawama.

Wanasayansi wana jina la kifo cha aina hii kisichopatiwa sababu. Hukiita kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, istilahi iliyopendekezwa mwaka wa 1969 na Dkt Bruce Beckwith katika mkutano wa wataalamu mjini Seattle, Marekani.

Hilo si jina la ugonjwa. Hutumiwa pale ambapo mtoto wa chini ya mwaka mmoja amefariki na sababu ikakosekana hata baada ya maiti kupasuliwa, mahali alipofia kukaguliwa na historia ya afya yake kuchunguzwa.

Hatua hizo tatu ni nadra kufuatwa zote hapa Kenya, na kwa hivyo vifo hivi hupotea ndani ya hesabu ya jumla. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai, 32 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kati ya hao 32, watoto 21 hufariki katika mwezi wa kwanza.

Wengi huuawa na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, nimonia, kuhara na malaria. Lakini haya hayamwondolei hofu mzazi anayeamka usiku wa manane kusikiliza kama mwanawe angali anapumua. Hofu hiyo ina msingi, na kuna jambo moja la kuipunguza lisilogharimu hata shilingi: kumlaza mtoto chali.

Ushauri huu unaonekana mwepesi mno, ila historia yake ni ya kusikitisha. Kwa takriban nusu karne, wataalamu wengi wa nchi za Magharibi waliwahimiza wazazi wawalaze watoto kifudifudi. Miongoni mwao alikuwa Dkt Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni ya watu. Alihofia kwamba mtoto anayelala chali angetapika na kupaliwa.

Katika miaka ya 1980, uchunguzi uliofanywa Australia, New Zealand na Uingereza ulidhihirisha kinyume chake. Watoto waliolazwa kifudifudi ndio waliokuwa wakifa kwa wingi.

Nchini Uingereza, mtangazaji mashuhuri wa runinga, Anne Diamond, alimpoteza mwanawe Sebastian mnamo Julai 1991. Alipaza sauti, na kufikia Desemba mwaka huohuo serikali ilikuwa imeanzisha kampeni ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali. Tangu wakati huo vifo hivyo vimepungua nchini humo kwa zaidi ya robo tatu. Marekani ilianza kampeni yake mwaka wa 1994, na katika muda wa miaka michache vifo vikapungua kwa takriban nusu.

Ikumbukwe kwamba haikuvumbuliwa dawa wala chanjo yoyote. Watoto waligeuzwa tu.

Mnamo 2005, watafiti wa Uingereza waliopitia upya tafiti za awali waligundua kwamba ushahidi wa kutosha ulikuwepo tangu mwaka wa 1970. Walikadiria kuwa, endapo ungezingatiwa mapema, watoto zaidi ya 10,000 nchini humo na wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand wangenusurika.

Kulala kifudifudi kunamdhuru mtoto vipi? Uso ukizama kwenye godoro au nguo, mtoto huvuta tena hewa chafu aliyoitoa mwenyewe. Joto la mwili nalo hupanda. Watoto wengi hushtuka, wakageuza kichwa na kulia.

Baadhi yao hawashtuki. Dkt Hannah Kinney na wenzake mjini Boston walichunguza bongo za watoto waliofariki hivyo na kukuta kwamba, kwa wengi wao, kulikuwa na kasoro katika sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia upumuaji na kuamka. Mzazi hana njia ya kuitambua kasoro hiyo mapema. Mtoto mwenyewe huonekana mzima kabisa.

Hatari huwa kubwa zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, na takriban visa tisa kati ya kumi hutokea kabla ya miezi sita.

Nyanya wengi watauliza: je, maziwa yakirudi? Swali hili ni la haki. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu na umio, yaani njia ya chakula, huwa chini yake. Maziwa yanayorudi hulazimika kupanda ili yaingie kwenye njia ya hewa, na mtoto huyameza au kuyatema. Akilala kifudifudi mpangilio hugeuka, umio ukawa juu. Kumlaza kwa ubavu nako si nusu ya usalama, kwani huviringika kwa urahisi.

Suala la mtoto kulala na mama ndilo gumu zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinapendekeza mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini kwenye kitanda chake, angalau kwa miezi sita ya kwanza. Ushauri huo ni mzuri, ila mama anayeishi katika chumba kimoja Mathare, na kitanda kimoja, hafaidiki kwa kuambiwa akanunue kingine.

Cha kumfaa ni kujua kitanda cha pamoja huwa hatari lini. Mjini Bradford, Uingereza, familia zenye asili ya Pakistan huwalaza watoto na mama zao kuliko Waingereza weupe, na bado vifo vya ghafla miongoni mwao ni vichache. Watafiti walibaini kwamba akina mama hao ni nadra kuvuta sigara au kunywa pombe, hunyonyesha zaidi, na ni nadra kusinzia na mtoto kwenye kochi.

Kwa hivyo, mzazi aliyelewa, aliyemeza dawa za usingizi au anayevuta sigara asilale na mtoto. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo. Kochi liepukwe kabisa. Godoro liwe gumu, si lile lililobonyea katikati. Mito na blanketi nzito ziondolewe karibu naye, naye asiwekwe katikati ya watu wawili wala kando ya ndugu zake.

Katika maeneo ya baridi kama Limuru na Nyandarua, watoto hufungwa shali juu ya shali na kuvishwa kofia usiku. Joto likizidi huongeza hatari. Pima kwa kugusa kifua au shingo kwa nyuma, si viganja, ambavyo mara nyingi huwa baridi. Kuhusu jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hilo ni balaa jingine. Gesi yake huua mtoto na wazazi pamoja.

Wako pia wanaoshuku chanjo, kwa kuwa zile za wiki ya 6, 10 na 14 huangukia miezi hiyohiyo ya hatari. Ni sadfa ya umri tu. Tafiti zimeonyesha kuwa waliochanjwa hawafi zaidi, na huenda hata wamekingika zaidi.

Nayo mito ya kuzungushia kitanda cha mtoto, inayouzwa kama pambo, Marekani iliipiga marufuku mwaka wa 2022.

Lipo jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu. Anarejea kazini wakati hasa ambapo hatari imefikia kilele, na mtoto anaachiwa yaya, jirani au jamaa. Mtoto aliyezoea chali, akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza ili anyamaze, huwa hatarini zaidi hata kuliko yule aliyezoea kifudifudi. Wiki moja kabla ya likizo kwisha, mama amwonyeshe yaya kwa vitendo jinsi ya kumlaza, na usingizi wa mchana uhesabiwe sawa na wa usiku.