Volkano ya Siki

Nenda kwenye maonyesho ya sayansi ya shule yoyote, Dodoma au Kisumu, utaikuta meza ya mbele. Mlima wa magazeti yaliyolowekwa gundi, umepakwa rangi ya kahawia, kileleni pametobolewa shimo na kuchomekwa kopo. Mwanafunzi aliyechomekea shati vizuri anatia kijiko cha soda ya kupikia, anamimina siki yenye rangi nyekundu, povu linafurika, mgeni rasmi anapiga makofi. Muulize mwanafunzi huyo kwa nini mlima umelipuka. Atakujibu bila kusita kwamba huko chini ya ardhi asidi imekutana na magadi.

Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na ndilo lililonifanya niandike sura hii. Mtoto hajakosea kufikiri. Amefikiri vizuri kabisa kutokana na alichoonyeshwa, ila alichoonyeshwa ni uongo. Povu limeiga sura ya volkano, chanzo chake limekiacha mbali. Jaribio la darasani lenye faida ni lile linaloiga chanzo, hata kama machoni halipendezi na mgeni rasmi atasinzia.

Mpango wangu ni kupitia mambo matatu: volkano, mashapo na nyufa za ardhi. Vifaa vyote vinapatikana jikoni, uwanjani, au kwenye duka la Mangi wa mtaani. Wanaodai kwamba masomo ya ardhi kwa vitendo yanangoja maabara na sanduku la miamba kutoka Ulaya wana uvivu, tena uvivu wa gharama.

Kinachosukuma volkano ni gesi. Magma ikiwa kina kirefu hubeba mvuke wa maji, kaboni dioksaidi na gesi za salfa, zote zimeyeyuka ndani yake kwa sababu ya mgandamizo wa miamba iliyo juu. Ikipanda, mgandamizo unapungua, gesi inajitenga na kuwa mapovu, mapovu yanatanuka na kuisukuma magma nje. Chukua chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Waache wanafunzi waitazame: hakuna povu hata moja. Ifungue taratibu. Mapovu yanatokea kila mahali ndani ya kimiminika, siyo juu tu. Sasa uliza: gesi hii ilikuwa wapi dakika moja iliyopita? Waache wabishane. Chupa ya pili itikiswe, ifunguliwe uwanjani, mbali na madaftari.

Halafu leta uji. Vikombe vitatu: cha maji, cha uji mwepesi, cha uji mzito uliokwisha kupoa. Mwanafunzi apulize kwa mrija ndani ya kila kimoja. Kwenye maji mapovu yanapanda na kutoka kwa amani. Kwenye uji mzito yananasa, yanavimba, kisha yanapasuka na kuirushia meza uji, na shati la mpulizaji pia. Uzito huo ndani ya magma huletwa zaidi na silika. Magma ya basalti ina silika karibu asilimia 50, hivyo hutiririka. Zile zinazofika asilimia 70 ni nzito, zinaibana gesi mpaka zinalipuka. Kikombe kimoja cha uji kinafundisha hayo kuliko mlima mzima wa magazeti.

Kabla sijaendelea, kuna uongo mwingine unaokaa kwenye vitabu vingi vya picha: kwamba chini ya gamba la dunia kuna bahari ya moto, na volkano ni tundu tu la bahari hiyo. Mantili, tabaka linaloanzia chini ya gamba hadi kina cha kama kilomita 2,900, ni mwamba mgumu. Ni mgumu na bado unajongea, polepole sana, kwa mamilioni ya miaka. Huyeyuka mahali pachache, na kwa kiasi kidogo: pale mgandamizo unapopungua, kama chini ya Bonde la Ufa, au pale maji yanapoingia na kushusha kiwango cha kuyeyuka.

Tumejuaje kwamba mantili ni ngumu? Kwa matetemeko. Panga wanafunzi kumi mstari mmoja, bega kwa bega, kila mmoja ameshika bega la mwenzake kwa nguvu. Msukume wa kwanza mbele na nyuma, kwa kukata mstari. Mtikisiko utasafiri hadi wa mwisho. Sasa waachiane, wakae karibu bila kugusana, rudia. Wa kwanza anayumba peke yake. Mawimbi ya tetemeko yanayotikisa kwa kukata njia yanahitaji kitu kigumu. Yanapita kwenye mantili yote na yanakwama kwenye kiini cha nje, ambacho ndicho kimiminika. Kila tetemeko kubwa, likiwemo lile la Kagera la Septemba 10, 2016, huandika ushahidi huo kwenye mashine za kupimia matetemeko. Mwanafunzi aliyeyumbishwa kwenye mstari hatakuambia tena habari za bahari ya moto.

Hapa nilipaswa kuhamia kwenye mashapo. Lakini mtu hawezi kutaja siki na magadi katika Afrika Mashariki halafu akaupita Ol Doinyo Lengai kana kwamba hajauona.

Mlima huo uko kusini mwa Ziwa Natron, una urefu wa mita 2,962, na Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Ni volkano pekee duniani inayojulikana kutoa, katika zama zetu, lava ya kaboneti za sodiamu na kalsiamu, yenye silika kidogo mno. Lava ya kawaida ya basalti hutoka ikiwa na nyuzijoto 1,100 au zaidi. Ya Lengai hutoka na 500 hadi 600. Mchana ni nyeusi na nyepesi kama oili chafu inayomwagwa gereji, na wekundu wake hafifu unaonekana usiku tu. Ikishapoa hunyonya unyevu wa hewani, na kwa saa au siku chache hugeuka nyeupe. Wageni wanaouona mlima kwa mbali hudhani kileleni kuna theluji.

Kabla ya mwanajiolojia J. Barry Dawson kufika kwenye kreta hiyo mwaka 1960, mabishano yalikuwa makali kama kaboneti zinaweza kweli kutoka ardhini zikiwa magma. Lengai ulijibu kwa kuimwaga mbele ya macho ya watu. Madini makuu mawili ya lava hiyo yamepewa majina ambayo nashangaa hayamo kwenye kila daftari la Tanzania. Moja ni gregoriiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, aliyelitafiti Bonde la Ufa mwaka 1893. La pili ni nyerereiti. Ndiyo, Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe. Wanafunzi wanaijua tanzanaiti kwa sababu inauzwa. Nyerereiti haiuziki, wala huwezi kuivaa shingoni, maana unyevu tu unaiharibu.

Kwa hiyo siki ina mahali pake, na mahali pake ni hapa. Weka sahanini magadi ya kuchemshia maharage, kipande cha jiwe la matumbawe kutoka pwani, kipande cha granaiti, na jiwe jeusi la volkano kama unalo. Mwagia siki, au kamulia ndimu, juu ya kila kimoja. Magadi yanachemka povu papo hapo. Matumbawe yanatoa vipovu vidogo, na ukiyakwangua kwanza kwa msumari, ule unga unatoa povu vizuri zaidi. Granaiti haijali. Hicho ni kipimo cha kaboneti, na wanajiolojia hukitumia porini kila siku, ila wao hubeba chupa ndogo ya asidi kali badala ya siki au ndimu.

Katika zoezi hili swali huja lenyewe: "Mwalimu, kwa hiyo Lengai umejaa magadi?" Mwambie yuko karibu, ni ndugu wa magadi. "Basi ukiumwagia siki utalipuka?" Hapana, mwanangu. Jiwe litatoa povu na kuliwa kidogo, mlima wala hautajua kwamba ulipita.

Kuna jambo lazima niliseme, maana wapenzi wa siki wataniletea. Mwaka 2007 Lengai, wenye lava nyepesi kiasi hicho, ulilipuka kweli na kurusha majivu juu sana, na milipuko ikaendelea hadi 2008. Kwa somo la uji, hilo halikupaswa kutokea. Waliochunguza majivu walikuta magma nyingine yenye silika imechanganyika na ile ya kaboneti, na mchanganyiko huo huikurupusha kaboni dioksaidi nyingi kutoka kwenye kaboneti. Vitu viwili vimekutana, gesi imetoka: si ndiyo siki na soda? Ni binamu wa mbali, nakubali. Ila hakuna asidi ya chupani mle ndani, jambo lenyewe ni la mlima mmoja, na kwenye ule mlima wa magazeti huwa wameandika "Kilimanjaro".

Na tukiwa bado huko, Ziwa Natron haligeuzi wanyama kuwa mawe. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa picha za ndege na popo waliokauka na kugandwa na chumvi. Aliwakuta wameshakufa, akawapanga kwenye pozi. Simu zikajaa habari za ziwa linaloua kwa kugusa. Ziwa hilo hilo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Sijui watu wanadhani heroe wanasimama wapi.

Mashapo sasa, kwa haraka. Chupa ya lita moja na nusu, changarawe, mchanga, udongo wa mfinyanzi, maji. Tikisa, weka chini. Changarawe na mchanga vinatua kwa sekunde, vumbi laini kwa saa, mfinyanzi waweza kuyaacha maji na tope hata baada ya siku kadhaa. Kosa la walimu wengi ni kuiita chupa hiyo "matabaka ya udongo". Matabaka ya udongo wa shambani hayakutua kutoka majini. Yamejengeka papo hapo, mwamba ukioza kutoka juu kwenda chini. Ukitaka kuyaona, peleka darasa kwenye shimo jipya la choo au ukingo wa barabara iliyochongwa. Chupa inaeleza mto, delta na sakafu ya ziwa.

Inaeleza pia karai la mchimbaji. Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji kwa ujazo uleule, mchanga wa kwatzi hata mara tatu haufiki. Ndiyo maana ukizungusha karai dhahabu inabaki chini. Tia vipande vya risasi ya kuvulia samaki kwenye mchanga, wanafunzi wazioshe kwa sahani, waone zinavyokaa. Niko mkali hapa kwa sababu Kanda ya Ziwa bado wapo wanaomlipa mganga awaonyeshe mshipa wa dhahabu au awaambie imehamia wapi. Dhahabu haihami kwa hasira za mizimu. Imani hizo za bahati ya machimboni ni miongoni mwa zilizotajwa katika mauaji ya watu wenye ualbino, kwa hiyo sizioni kama utamaduni wa kuchekewa.

Zimebaki nyufa. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka kaunti ya Narok, Kenya, ikaikata barabara ya Mai Mahiu. Vyombo vya habari vya dunia vikatangaza kwamba Afrika inagawanyika. Mpe mwanafunzi hesabu. Bonde la Ufa linatanuka kweli, milimita chache kwa mwaka. Tuseme 5. Shimo la upana wa mita 10 lingehitaji miaka 2,000, na lile lilifunguka ndani ya mvua za msimu mmoja. Wanajiolojia wengi walioeleza tukio hilo walitaja maji: majivu laini ya volkano za kale yalikuwa yakisombwa chini kwa chini, juu pakabaki paa, paa likaanguka.

Kuna zoezi maarufu la kuzika vipande vya sukari mchangani na kumwagia maji; sukari inayeyuka, juu panatitia. Ni zuri, lakini ni la chokaa, la mapango kama ya Amboni, Tanga, ambako mwamba wenyewe huyeyuka. Ukilitumia kwa Narok umerudi kwenye volkano ya siki. Kwa Narok chukua beseni la plastiki, toboa tundu pembeni karibu na kitako, jaza mchanga mwembamba, juu tandaza mfinyanzi mbichi unene wa kidole, acha upenyo upande wa pili wa tundu. Mimina maji kwenye upenyo. Yanatoka tunduni yamechafuka mchanga, juu pako salama, salama, mara mfinyanzi unazama kwa mstari.

Maji hayapasui ardhi tu, huporomosha pia. Desemba 2023 tope lilishuka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Uvumi ulisema volkano imelipuka, kwa kuwa Hanang ni volkano ya kale. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Rudia beseni lile lile, safari hii ukiliinamisha bila tundu, mchanga mkavu kwanza, kisha uliolowa kidogo, kisha uliojaa maji. Wanafunzi wapime kwa kipima pembe ni kwenye mwinamo upi kila mmoja unaporomoka. Uliolowa kidogo utawashangaza: unasimama kuliko mkavu. Uliojaa maji hausimami kabisa. Wakishaandika namba hizo, watoke nje na kipima pembe kile kile wapime mteremko ulio nyuma ya vyoo vya shule.