Virusi visipoonekana kwenye kipimo

Mmoja anaishi na virusi vya UKIMWI, mwenzake hana, na wanataka mtoto. Kliniki za tiba na matunzo zinawajua sana watu hawa. Kwa lugha ya kazini huitwa wenza wenye majibu tofauti. Wengi wao bado wanaogopana kitandani, ilhali jibu la hofu yao limekwisha kupatikana: anayeishi na VVU akimeza dawa zake ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hatari hiyo ni sifuri.

Dalili ya mapema ilitoka Rakai, Uganda. Mwaka 2000 watafiti walitangaza matokeo ya kufuatilia jozi 415 za wenza wa vijijini, wakati dawa za kufubaza virusi (ARV) hazijawafikia. Katika wenza hao, watu 90 ambao hawakuwa na virusi waliambukizwa. Majibu yalipopangwa kwa kufuata wingi wa virusi katika damu ya mwenza anayeishi na VVU, hakuonekana hata mmoja aliyeambukizwa na mtu mwenye nakala chini ya 1,500 kwa mililita. Virusi vikizidi, maambukizi nayo yalizidi. Likabaki swali la kama dawa zinazovishusha virusi zingezuia pia maambukizi.

Utafiti wa HPTN 052, ulioongozwa na Myron Cohen wa Marekani, ulilijibu. Ulihusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kenya na Malawi zikiwamo. Kundi moja lilianzishiwa ARV papo hapo. La pili lilisubiri hadi kinga ya mwili ishuke, kama miongozo ya wakati huo ilivyotaka. Mwaka 2011 matokeo yalikuwa ya wazi kiasi kwamba yalitangazwa kabla ya muda wake, na kundi lililokuwa likisubiri nalo likapewa dawa. Hesabu ya mwisho, iliyotoka mwaka 2016, ilionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 93.

Msomaji atauliza, na ana haki: hizo asilimia 7 je? Kila alipoambukizwa mtu, virusi vyake vililinganishwa kwa vinasaba na vya mwenza wake, ili ijulikane kama ndiko vilikotoka. Waliothibitika kuambukizwa na mwenza aliyekwisha kuanza dawa walikuwa wanane. Wanne walipata virusi mwanzoni mwanzoni, kabla dawa hazijavishusha. Wanne wengine, wakati matibabu ya mwenza yalikuwa yameshindwa kufanya kazi. Pale virusi vilipokuwa vimedhibitiwa kwa uthabiti, hakuambukizwa mtu. Kwangu mimi, hao wanane wanatufundisha mengi kuliko asilimia zote. Baadaye utafiti wa PARTNER barani Ulaya ulihesabu matukio yapatayo 58,000 ya kujamiiana bila kondomu kati ya jozi 888 za wenza, na haukukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza mwenye virusi vilivyodhibitiwa.

ARV huvizuia virusi visizaliane, lakini haziving'oi vile vilivyojificha ndani ya seli za kinga za CD4 zilizolala. Ndiyo maana mtu akiacha dawa, virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, na uwezo wa kuambukiza hurudi navyo. Katika miezi sita ya mwanzo ya matibabu, wakati virusi bado vinashushwa, mwenza asiye na VVU anaweza kutumia kondomu au dawa kinga, maarufu kwa jina la PrEP. Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda kwa jozi 4,758 za wenza ulionyesha kuwa vidonge hivyo vilipunguza maambukizi kwa asilimia 75.

Tahadhari mbili zisisahaulike. Sifuri hii ni ya kujamiiana tu: kwa mama anayenyonyesha hatari hushuka sana, lakini haiishi kabisa, hivyo ratiba ya dawa na vipimo vya mtoto ifuatwe. Na ARV hazizuii kisonono wala kaswende.

Kinachoniuma ni kile kinachotokea baada ya kipimo cha wingi wa virusi. Kituo kikiwa mbali na maabara, matone ya damu hudondoshwa kwenye kadi yenye miduara mitano, kadi inaachwa ikauke bila kuguswa, inafungwa na vifuko vya kunyonya unyevu na kusafirishwa. Watu wengi wameifanyia kazi kadi hiyo. Kisha jibu linarudi kwamba virusi havionekani, linabandikwa kwenye faili, na mgonjwa anaambiwa tu, "Unaendelea vizuri." Hiyo haitoshi. Anastahili kusikia kwamba hawezi kumwambukiza mwenzake, na kwamba mtoto anawezekana.

Kwa hiyo wewe unayehudhuria kliniki, safari ijayo omba usomewe jibu lako la wingi wa virusi, na uulize ni la lini, maana jibu la zamani halisemi hali ya leo. Kama una mwenza anayejua hali yako, nenda naye akalisikie kwa masikio yake.