Samaki huhesabiwa angali yai: funzo la sardini wa California

Ndakala wakipungua ziwani, mama muuzaji wa soko la Uvira hutambua haraka. Kipimo kinapungua, bei inapanda, wateja wanalalamika. Lakini habari ya sokoni hufika imechelewa. Samaki anayekosekana leo ni yai ambalo halikuanguliwa miezi iliyopita, ama mtoto wa samaki aliyekufa kabla ya kupata chakula chake cha kwanza.

Je, mtu anaweza kujua mapema? Huko California, kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, wataalamu wanatafuta jibu la swali hilo tangu mwaka wa 1949. Wanaingia baharini na kuhesabu mayai na watoto wachanga wa samaki.

Viwanda vilipokosa samaki

Kazi hiyo ilianza kwa sababu ya hasara. Katika msimu wa 1936 na 1937, wavuvi wa pwani ile walivua zaidi ya tani 700,000 za sardini. Mji wa Monterey ulijaa viwanda vya kutia samaki katika makopo, na sehemu kubwa ya samaki hao ilisagwa kuwa unga na mafuta. Baada ya miaka kumi hivi, sardini walikuwa karibu wametoweka mbele ya Monterey. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine na wafanyakazi wakabaki bila kazi. Tangu mwaka wa 1984, mahali pa kiwanda kimojawapo pana jumba ambamo watu hulipa kiingilio ili kutazama samaki hai nyuma ya vioo.

Wakati huo mabishano yalikuwa makali. Wenye viwanda walisema bahari imebadilika na samaki wamehama. Wataalamu wa uvuvi wa serikali walisema nyavu zimezidi. Kila upande ulikuwa na hoja, lakini hakuna aliyekuwa na hesabu ya kutosha kutoka baharini kwenyewe. Ndipo mpango unaoitwa CalCOFI ukaundwa. Ndani yake mna chuo cha Scripps cha utafiti wa bahari, idara ya uvuvi ya serikali kuu, na idara ya uvuvi ya jimbo la California.

Ngoma mbili zinashuka majini

Siku hizi meli hutoka mara nne kwa mwaka. Hufuata mistari ileile na kusimama kwenye vituo vilevile. Safari ya kawaida ina vituo 75. Kwenye kila kituo wanapima joto na chumvi ya maji, kisha wanashusha nyavu mbili zilizofungwa pamoja ubavu kwa ubavu. Zinaitwa bongo, kwa kuwa zinafanana na ngoma mbili ndogo za jina hilo. Mdomo wa kila wavu una upana wa sentimita 71, na matundu yake ni karibu nusu milimita. Nyavu hushuka hadi mita 210, kisha hupandishwa polepole meli ikiwa inatembea. Mdomoni huwekwa kipimo kinachoonyesha ni maji kiasi gani yamepita. Bila kipimo hicho, idadi ya mayai haina maana, kwa sababu huwezi kujua yametoka katika maji kiasi gani.

Vilivyonaswa hutiwa dawa katika chupa na kupelekwa maabara. Hapo macho ya binadamu ndiyo hufanya kazi, kwa darubini. Yai la sardini ni la mviringo, lenye upana wa milimita moja na nusu hivi, jeupe kama kioo, na ndani yake mna tone moja la mafuta. Yai la anchovi, samaki mwingine mdogo wa pwani hiyo, ni refu kama punje ya mchele. Watoto wachanga ni vigumu zaidi kuwatambua, kwani wa aina nyingi hufanana na uzi mwembamba wenye macho mawili.

Kutoka yai hadi tani

Yai linawezaje kusema samaki wazazi ni wangapi? Njia hiyo ilitengenezwa na wataalamu wa La Jolla, kusini mwa California, katika miaka ya 1980, na inaeleweka bila shida. Sardini hutaga usiku, na yai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu kulingana na joto la maji. Kwa hiyo mtaalamu akitazama kiumbe kimefikia wapi ndani ya yai, anajua lilitagwa usiku gani. Upande mwingine, wanavua samaki wakubwa wachache na kupasua matumbo yao, ili kujua jike hutaga mayai mangapi kwa mara moja na majike wangapi hutaga kwa usiku.

Kwa mfano tu, tuseme mayai milioni 300 yametagwa usiku mmoja, na kila jike hutaga mayai 30,000. Basi majike waliotaga ni 10,000. Kama kwa usiku hutaga jike mmoja kati ya kumi, majike wote ni 100,000. Ukiongeza madume na kuzidisha kwa uzito wao, unapata tani.

Lakini mayai mengi si ahadi ya samaki wengi. Mwaka wa 1914, mtaalamu wa Norway Johan Hjort aliandika kwamba wingi wa samaki wa kila mwaka huamuliwa mapema, katika siku ambazo mtoto amemaliza kiini cha yai na kuanza kutafuta chakula. Akikosa, anakufa. Ndiyo maana watoto wachanga nao wanahesabiwa.

Nani alikuwa na haki?

Jibu lililopatikana halikumfurahisha mtu yeyote kikamilifu. Katika matope ya chini ya bahari, mbele ya mji wa Santa Barbara, watafiti walikuta magamba ya samaki yaliyolala tabaka juu ya tabaka. Yalionyesha kwamba sardini walikuwa wakiongezeka na kupungua hata karne nyingi kabla ya viwanda. Kwa hiyo bahari hubadilika kweli. Lakini kuvua kwa nguvu wakati bahari imewanyima samaki uzazi mzuri, huko ni kumsukuma mtu anayeanguka.

Mwaka wa 1967 California ilisimamisha uvuvi wa sardini. Ilichukua karibu miaka 20 kabla ya kufunguliwa tena kidogo kidogo, mwaka wa 1986. Katika mwaka wa 2015, makadirio yalionyesha sardini wameshuka chini ya tani 150,000, kiwango kilichokuwa kimewekwa na sheria. Uvuvi ukafungwa tena. Wavuvi waliumia, lakini safari hii mpaka ulikuwa umeandikwa mapema na kila mtu aliujua.

Na upande wetu?

Ndakala na sambaza wa Ziwa Tanganyika ni jamaa wa sardini. Sambaza wa Ziwa Kivu nao waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndakala huishi karibu mwaka mmoja tu. Uzazi wa msimu mmoja ukiharibika, hakuna akiba ya samaki wazee ya kutegemea.

Inchi nne zenye Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu kila mwaka, toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kuanzia mwaka wa 2024. Kwa familia za Uvira, Fizi na Kalemie, miezi mitatu bila ziwa ni karo ya watoto, dawa na chakula.

Nyavu mbili, chupa, darubini na watu wenye subira, wanaorudi mahali palepale kila msimu: vitu hivyo havishindi uwezo wa inchi nne zikishirikiana. Mvuvi anayevumilia njaa miezi mitatu ana haki ya kuonyeshwa, kwa hesabu, ni nini kilichozaliwa katika miezi hiyo.