Katuni ya Watoto, Lakini Je, Yamfaa Mtoto Wako?

Wengi wetu wazazi tukiona katuni tunaiwasha, kisha tunaingia jikoni. Nami nilifanya hivyo hapa Maskati. Niliwawekea wajukuu The Lion King ya mwaka 1994, nikifurahi kwamba watasikia majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Marekani imepewa alama ya G, yaani yafaa kwa umri wote.

Nilisahau kwamba humo Scar anamtupa ndugu yake Mufasa katikati ya nyumbu wanaokimbia, kisha anamwambia Simba kuwa yeye ndiye aliyemuua baba yake. Mjukuu wangu mmoja amefiwa na baba. Aliondoka kabla filamu haijesha. Usiku akaniuliza, "Bibi, na baba yangu alikufa kwa sababu yangu?"

Alama ya umri hupima matusi, vita na mambo ya aibu. Haijui msiba wa nyumba yako. Kwa hiyo sasa naitazama filamu mwenyewe kwanza. Hii ni dakika 88 tu. Najiuliza: nani anakufa, nani analaumiwa, na jambo hilo limemgusa nani nyumbani kwetu? Kisha nakaa nao, na penye uzito nasimamisha tukazungumza.

Mjukuu wangu nilikaa naye tukaitazama tena, hadi pale Scar anapokiri kwamba yeye ndiye muuaji.

"Kumbe alikuwa muongo," akasema, akanilalia pajani.