Gramu nne zinazolipiwa mara mbili

Mvua za Novemba zikishaanza nyanda za juu kusini, kwenye maduka ya pembejeo ya Mbeya na Njombe ombi la mkulima wa viazi ni moja: "Nipe dawa ya ukungu." Muuzaji akiijua kazi yake atauliza: shamba limeshaguswa au bado? Jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuamua bei utakayolipa.

Tunazungumzia bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Unapenda hali ya hewa ya Uporoto na Kitulo: ubaridi, ukungu wa asubuhi, majani yanayolala na maji. Doa la kwanza likionekana, chini ya jani kuna utando mweupe uliojaa mbegu za ugonjwa, na ndani ya wiki moja shamba zima linaweza kunuka kuoza.

Dawa ya bei nafuu dukani ni mankozebu. Hii ni dawa ya kinga tupu. Inakaa juu ya jani kama rangi ukutani, inaua mbegu ya ugonjwa inapojaribu kuota, na haiingii ndani. Ugonjwa ukishapenya, mankozebu haina la kufanya. Jani lililochipua juzi, baada ya wewe kupiga dawa, liko uchi, na mvua kubwa huiosha dawa kwenye majani ya zamani. Ndiyo maana wakati wa mvua inarudiwa kila siku saba.

Ya bei ghali ni ile ya mchanganyiko, yenye metalaksili. Hiyo hunywewa na jani na kupanda na maji ya mmea hadi kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo unaweza kuiacha siku kumi au zaidi. Lakini geuza pakiti usome mgongoni. Pakiti iliyoandikwa 72 ina metalaksili sehemu 8 tu kati ya 100. Sehemu 64 ni mankozebu ileile ya jirani yake. Ukiweka gramu 50 kwenye bomba la lita 20, umeweka gramu 32 za mankozebu na gramu 4 za metalaksili. Mankozebu ya asilimia 80, kwa kipimo hichohicho, ingekupa gramu 40. Zile gramu 4 ndizo zinazopandisha bei, na zina thamani hiyo pale tu zinapokuwa na kazi ya kufanya.

Bei hubadilika duka kwa duka, kwa hiyo chukua hizi kama mfano wa hesabu, kisha weka za kwenu. Tuseme mankozebu ni shilingi 15,000 kwa kilo, mchanganyiko 30,000, na kibarua wa kupiga dawa 10,000 kwa ekari. Kilo moja kwa gramu 50 inatoa mabomba 20, yanayotosha ekari moja iliyofunga mistari. Kinga tupu mara 10 kwa msimu ni shilingi 250,000. Mchanganyiko mtupu mara 8 ni 320,000. Njia ya tatu ni kuanza na kinga, kuingiza mchanganyiko mara 3 mimea inapokua kwa kasi na mvua ikiwa nzito, kisha kurudi kwenye kinga, ambayo kwa msimu mzima inapigwa mara 6: jumla 270,000.

Mimi naichagua hiyo ya tatu bila kusita. Kwa shilingi 20,000 za ziada unalinda wiki zile ambazo huwezi kuingia shambani kwa sababu ya matope. Mchanganyiko mtupu ni ghali, na una hatari nyingine: ugonjwa huzoea metalaksili. Mwaka 1980, miaka michache tu baada ya dawa hiyo kuingia sokoni, wakulima wa Ireland na Uholanzi waliona haifanyi kazi tena. Mankozebu iko sokoni tangu miaka ya 1960 na haijapata tatizo hilo, kwa kuwa inashambulia sehemu nyingi za adui kwa pamoja. Mwenye kupiga metalaksili mara nane anaiharibu dawa ya jirani zake pia.

Kuna pia zenye simoksanili, zinazoweza kukamata ugonjwa ulioingia jana au juzi. Ni za dharura. Nguvu zake huisha haraka, kwa hiyo usizifanye mpango wa msimu.

Gharama moja haimo kwenye hesabu yangu, nayo inaniuma kuona inarukwa: glavu, buti na barakoa. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoendelea kuiidhinisha mankozebu, kwa hofu ya kuvuruga homoni na kudhuru uzazi. Kwetu inapigwa na kijana aliyevaa kandambili, bomba likimvujia mgongoni. Nunua vifaa hivyo kabla ya pakiti ya kwanza. Na usikubali dawa ya kupimiwa kwenye mfuko usio na lebo, hata ikishuka nusu bei: huwezi kujua ni asilimia ngapi, imesajiliwa au la, wala usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna.

Ukiwa bado hujapanda, hesabu nyingine iko kwenye mbegu. Sherekea ni aina inayohimili bakajani, na shamba lake linahitaji mabomba machache kuliko aina zinazodhurika haraka. Tatizo ni soko, maana mchuuzi wa Dar es Salaam ana aina aliyoizoea kwa chipsi. Muulize kwanza atatoa shilingi ngapi kwa gunia la kila aina. Tofauti ya bei kwa magunia yote utakayovuna ikiwa ndogo kuliko gharama ya dawa utakayookoa, umeshapata jibu kabla hujafika dukani.