SARAFU ZENYE TUNDU LA MRABA

Mkukutu, karibu na Kibiti, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Profesa Felix Chami walipata shanga za kioo zilizotoka katika dola ya Warumi, na habari zake zikatangazwa mwaka 1999. Shanga si fedha. Lakini zatujulisha kwamba delta ya Rufiji ilikuwa mlango wa biashara kabla ya Uislamu kufika pwani hii.

Ama fedha ya mbali tuitazame Unguja. Mwaka 1945, huko Kajengwa, upande wa Makunduchi, ilifukuliwa hazina ya sarafu za Kichina, na zaidi ya 170 zikahifadhiwa. Nyingi ni za ufalme wa Song, uliotawala tangu 960 hata 1279: sarafu za duara, za shaba nyeusi, zenye tundu la mraba katikati ili zitungwe uzini.

Zilifikaje huku? Wakuu wa Song walikwisha kuona khatari ya shaba yao kuvuka bahari, wakapiga marufuku kuitoa nchini. Mwaka 1074 waziri Wang Anshi, katika mageuzi yake, aliliondoa katazo hilo. Waliokuja baadaye wakalirudisha. Mwaka 1219 ikatoka amri kwamba bidhaa za wageni zilipwe kwa hariri na vyombo vya kauri, wala si kwa fedha. Amri ilikuwa ya busara, lakini mfanyabiashara aliyeiona faida, nani amzuie! Hatudai kwamba merikebu za Kichina zilitia nanga Makunduchi. Mzigo waweza kuwa umepita mikononi mwa Waarabu na Wahindi. Zhao Rugua, msimamizi wa forodha katika bandari ya Quanzhou, aliandika mwaka 1225 kwamba watu wa Zanj wafuata dini ya Waarabu.

Masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu zao za shaba: upande mmoja jina la Sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetiwa vina.

Siku hizi vyuma chakavu hununuliwa kwa kilo hata vijijini, na sarafu iliyoliwa na kutu haina uzito wa kumpatia mtoto andazi moja. Basi wazazi wawaambie vijana: ukiiokota shambani au ufukoni, usiisugue kwa mchanga wala ndimu. Tia alama mahali pale, kisha umpashe habari mwenyekiti wa kijiji, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yamtaka aliyeokota atoe taarifa. Mtaalamu atakayekuja hatauliza kwanza thamani yake. Atauliza ililala wapi, na pamoja na nini.